AMANA ISIYOWEZA KUJISEMEA
Somo la haki ya mtoto juu ya baba yake, mwalimu wake na serikali yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyekuwa akiwasalimu watoto njiani, na aliyembeba mjukuu wake Umama mabegani naye yumo katika Sala.

Ama baada ya haya: somo hili lina mafungu sita na khatima. Yatakiwa lisomwe katika darsa baada ya Sala ya Alasiri au baina ya Magharibi na Isha, watu wazima wakiwapo, na hasa wenye watoto na wenye vyuo.

FUNGU LA KWANZA: KHABARI YA BUKOBA

Kitendaguro ni kata moja katika Manispaa ya Bukoba, katika mkoa wa Kagera, upande wa magharibi wa ziwa Nyanza. Mtu wa pwani asidhani ya kuwa khabari ya huko ni khabari ya mbali isiyomhusu. Katika karne ya 19 wafanyaji biashara wa pwani walifika Karagwe wakafanya makazi Kafuro, na Waislamu wa nchi ile leo wanasoma juzuu zile zile na kuinama kibla kile kile. Likimpata mtoto wa huko, limempata mtoto wa nyumbani.

Mwezi wa Agosti 2018, katika mji huo wa Bukoba, mwanafunzi wa miaka 13 wa shule ya msingi ya Kibeta alituhumiwa kuchukua mkoba wa mwalimu. Akapigwa shuleni kwa tuhuma hiyo, na kwa kipigo hicho akafa. Kesi ikapelekwa mbele ya Mahakama Kuu huko Bukoba, na mwezi wa Machi 2019 mahakama hiyo ikamhukumu kifo mwalimu mmoja na kumwachia mwenziwe.

Tena, mwezi wa Mei 2024, katika wilaya ya Muleba iliyo jirani, mtoto wa miaka miwili na nusu, mwenye ulemavu wa ngozi, alinyakuliwa nyumbani kwao usiku. Mwezi wa Juni mwili wake ukaonekana, nao umekatwa viungo. Watu tisa wakashtakiwa, na baba yake mzazi akawa miongoni mwa washtakiwa.

Mwenye akili na azitazame khabari mbili hizi kwa pamoja. Ya kwanza ilitokea shuleni, mahali pa elimu. Ya pili ilianza nyumbani, mahali pa usingizi. Mtoto hakuwa na mahali pa tatu pa kukimbilia ila kwa watu wengine, nao ni jirani, msikiti na serikali. Hao watatu ndio wanaokusudiwa na somo hili.

FUNGU LA PILI: MTOTO NI AMANA, SI MILKI

Wanavyuoni wamebainisha ya kuwa Sharia imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijria, ameyataja haya katika kitabu chake cha Usuli. Basi mwenye kumdhulumu mtoto huenda akayavunja yote matano kwa tendo moja. Ampigapo hata kumjeruhi amevunja nafsi. Amtishapo hata asiweze kusoma amevunja akili. Amwingiliapo amevunja kizazi. Alapo urithi wa yatima amevunja mali. Na afanyapo hayo naye amevaa kilemba cha dini, amemchukiza mtoto na dini yenyewe, na huo ndio msiba ulio mkubwa kuliko yote.

Baba hamiliki mwanawe kama amilikivyo shamba. Amepewa uwalii, na maana ya uwalii ni kusimamia maslaha ya asiyeweza kujisimamia. Katika Suratul An-am na Suratul Israa Mwenyezi Mungu amekataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo njema zaidi. Ikiwa mali ya mtoto haiguswi ila kwa wema, mwili wake waguswaje kwa uovu?

Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema ya kuwa kila mmoja ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim. Imemtaja imamu wa watu, yaani mtawala, na imemtaja mwanamume katika nyumba yake. Basi suali la Siku ya Kiama lipo juu ya wawili hao pamoja: mtawala hataambiwa ya kuwa jambo lile lilikuwa la nyumbani, wala mwenye nyumba hataambiwa ya kuwa lilikuwa la serikali.

FUNGU LA TATU: MPAKA WA ADABU KWA MWALIMU

Wako wasemao: "Fimbo ya mwalimu ni rehema, na sisi tulipigwa tukawa watu." Jawabu la neno hili lapatikana katika vitabu vya madhhab ya Imam Shafi, ambavyo watu wa pwani wamevisoma tangu zamani.

Kwanza, mwalimu hana fimbo yake mwenyewe. Ibn Hajar katika Tuhfa amesharutisha idhini ya walii wa mtoto. Mwalimu asiyepewa idhini hana ruhusa, na baba aliyetoa idhini hakutoa idhini ya kuumiza.

Pili, kupiga kulikoruhusiwa ni kule kusikojeruhi wala kuacha alama, tena si usoni wala mahali pa hatari, na kwa sharti kuwe na manufaa yanayotazamiwa.

Tatu, Imam Izzuddin bin Abdissalam, aliyekufa mwaka 660 wa Hijria, amelitaja jambo ambalo wengi hawalijui. Akiwa mtoto hatengenei ila kwa kipigo kikali, basi hapigwi kabisa, si kikali wala chepesi. Kikali ni haramu, na chepesi hakina faida, na kisicho na faida hakikuruhusiwa. Tazama, ewe ndugu msomaji: pale ambapo mjinga huongeza fimbo, mwanachuoni huiondoa.

Nne, na hili ndilo kubwa, Imam Nawawi katika Minhaj amewataja walii, mtawala, mume na mwalimu, akabainisha ya kuwa adabu yao ina dhamana. Maana yake ni kuwa ruhusa ya kutia adabu imefungwa kwa salama ya mwisho wake. Mtoto akifa au akiharibika kiungo kwa adabu hiyo, mwalimu hawezi kusema, "Nilikusudia kheri." Dhamana imemlazimu, na kufa kwa mtoto ni dalili ya kuwa mpaka umevukwa.

Tano, mtoto asiyebaleghe hana hadi ya wizi hata akiiba kwa yakini. Basi vipi apigwe hata kufa kwa tuhuma tu?

Wala si wanafikihi peke yao waliosema. Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 808 wa Hijria, ameandika katika Mukaddima ya kuwa ukali juu ya wanafunzi huwaondolea uchangamfu, huwafundisha uwongo na hila kwa khofu, na hayo huwa tabia zao hata ukubwani. Na Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume miaka 10 tangu utoto wake, ameshuhudia ya kuwa hakuambiwa naye hata neno la kuguna. Huyu ndiye mwalimu wa walimu, na ambaye adabu zake ndizo zifundishwazo vyuoni.

FUNGU LA NNE: SITARA NA SULUHU ZISIZO ZA HAKI

Jambo linaloua haki za watoto kuliko fimbo ni kimya. Mtoto wa kike au wa kiume huharibiwa na jamaa, au jirani, au mtu wa kuheshimiwa, wazee hukutana usiku, fedha hutolewa, na asubuhi huambiwa, "Muislamu humsitiri mwenziwe." Neno ni la haki, lakini limewekwa mahali pasipo pake.

Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim amepambanua. Sitara iliyopendekezwa ni kwa mtu asiyejulikana kwa maudhi na ufisadi, katika dhambi iliyokwisha pita. Ama mwenye kujulikana kwa ufisadi hasitiriwi, bali hupelekwa kwa mwenye mamlaka ikiwa hapana madhara makubwa zaidi, kwani kumsitiri humtia tamaa ya kuendelea. Na dhambi inayoendelea ni wajibu kuizuia papo hapo kwa anayeweza. Tena katika milango sita ya kusengenya kulikoruhusiwa, Nawawi ametaja mwenye kudhulumiwa apelekapo mashtaka yake, na mwenye kutaka msaada wa kuondoa uovu, na mwenye kuwatahadharisha Waislamu na shari. Basi mwenye kumsemea mtoto hakusengenya.

Ama suluhu, na izingatiwe mas-ala hii: walii hana ruhusa ya kusamehe bure haki ya mtoto aliye chini ya uwalii wake, kwa sababu haki si yake. Wazee wapokeao fedha wakanyamaza wameuza kisichokuwa chao, na mnunuzi amenunua nafasi ya kumdhuru mtoto mwingine. Na katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ameamrisha waumini wasimame imara katika uadilifu, hata ikiwa ni juu ya nafsi zao, au wazazi, au jamaa. Yeye amewataja jamaa kwa kujua ya kuwa hapo ndipo miguu hutetema.

FUNGU LA TANO: SHERIA ZA SERIKALI NA UPUNGUFU WAKE

Huenda muulizaji akauliza: "Ikiwa fikihi imeeleza yote haya, kuna haja gani ya sheria za serikali?" Jawabu ni kuwa taaziri, yaani adhabu ya makosa yasiyo na hadi, katika fikihi ni kazi ya mtawala na makadhi wake, si ya mtu mmoja mmoja. Na leo makadhi wa Zanzibar na Kenya husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo, wala hawahukumu jinai. Bara Tanganyika mahakama za aina hiyo za serikali ziliondolewa katika miaka ya 1960. Basi hapana mlango wa kumzuia dhalimu wa mtoto ila mahakama za nchi. Mwenye kuudhoofisha mlango huo, au kupita mbali nao, amemwacha mtoto nje.

Sheria zipo. Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya makosa ya kujamiiana, ikazidisha adhabu. Mwaka 2009 ikatungwa Sheria ya Mtoto, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2011. Sheria ya 2009 ilikataza mateso na adhabu za kikatili, ikasema ya kuwa adabu isiyolingana na umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake haina udhuru. Tena ikamwajibisha kila mtu katika jamii ajuaye ya kuwa haki ya mtoto inavunjwa kupeleka khabari kwa serikali ya mahali pake. Na kanuni za viboko mashuleni, zilizopunguzwa mwaka 2002, zilisharutisha viboko visizidi 4, tena kwa mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe katika daftari.

Walakini tazama upungufu. Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema wamefanyiwa dhulma ya kimwili ya zinaa kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote walisema wamepigwa kwa ngumi, mateke au mijeledi, au kutishwa kwa silaha, na zaidi ya nusu waliwataja walimu miongoni mwa waliowafanyia hivyo. Na katika wasichana waliodhulumiwa kwa zinaa, karibu nusu hawakumwambia mtu yeyote. Kanuni ya viboko 4 ilikuwapo mwaka 2002; mtoto wa Kibeta alikufa mwaka 2018. Kanuni isiyo na mkaguzi ni kama kufuli lililotundikwa mlangoni bila ya kutiwa ufunguo.

Kwa hiyo wenye kutaka sheria ziimarishwe hawataki bid-a. Kanuni ya wanavyuoni wa Shafi ni kuwa tendo la mtawala juu ya raia limefungwa na maslaha yao. Akiona ya kuwa ruhusa fulani imekuwa njia ya madhara, ana haki ya kuifunga njia hiyo. Kenya iliondoa fimbo mashuleni mwaka 2001. Zanzibar mwaka 2021 iliweka mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji ili zisilale. Haya ni mambo ya kuigwa na kuzidishwa: fimbo iondolewe mikononi mwa wasioweza kuichunga, kesi ya mtoto isikilizwe kwa haraka kabla mashahidi hawajachoka na kununuliwa, na anayeificha khabari kwa fedha naye aadhibiwe.

FUNGU LA SITA: SHERIA BILA YA MALI HAITEMBEI

Katika khabari za Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amuwie radhi, imepokewa ya kuwa alikuwa amewawekea watoto fungu katika Baitul Mali, lakini kwa sharti mtoto awe amekwisha acha kunyonya. Usiku mmoja alisikia mtoto akilia bila kukoma. Alipomuuliza mama yake, naye hamjui ni nani, akajibu ya kuwa anamwachisha ziwa kabla ya wakati ili apate fungu. Umar akasalisha Alfajiri, na watu hawakusikia vyema kisomo chake kwa kilio. Kisha akaamrisha itangazwe katika miji yote ya kuwa kila mtoto azaliwapo ana fungu lake tangu siku hiyo.

Khabari hii ni ushahidi wa kutosha. Umar aliona ya kuwa kanuni yake mwenyewe inamdhuru mtoto, hakuona haya kuibadili. Wala hakuibadili kwa maneno tu, aliitolea mali.

Sasa na ipimwe njia ya mtoto aliyedhulumiwa Kitendaguro. Amwambie mtu, khabari ifike kwa mwenyekiti wa mtaa, afisa wa ustawi wa jamii aje, dawati la jinsia na watoto la polisi liandike na kutoa fomu ya matibabu, daktari atazame na kuandika, kisha kesi iende mahakamani, na mashahidi waitwe mara moja, mara mbili, mara tano. Kila hatua katika hizi ina nauli, ina karatasi, ina mshahara, ina siku ya kazi iliyopotea. Hatua moja ikikosa fedha, njia nzima imekatika.

Huyo ni mtoto wa mjini. Ama mtoto wa visiwani Muleba, kama Bumbire au Goziba, sharti kwanza avuke ziwa. Mtu wa Tumbatu, wa Jibondo au wa Pate ajua maana ya kungoja chombo naye ana mgonjwa. Ikiwa mama hana nauli ya mashua, na afisa hana mafuta ya kumfuata, dhalimu hahitaji wakili. Bahari au ziwa humtetea.

Serikali ya Tanzania ilitunga mpango wa miaka mitano wa kuondoa ukatili juu ya wanawake na watoto, tangu 2017/18 hata 2021/22, na ndani yake kamati za ulinzi zikapangwa tangu kijiji na mtaa hata taifa. Mpango ni mwema. Lakini kamati isiyo na fungu katika bajeti ya halmashauri ni majina ukutani. Basi wenye kuchagua madiwani na wabunge wawaulize neno moja kila mwaka wa fedha: "Fungu la ulinzi wa mtoto ni kiasi gani, na limetolewa kiasi gani?" Kuuliza huku ni katika kuamrisha mema.

Na Waislamu wenyewe wana mlango wao. Zaka ina mafungu yake manane. Mtoto fakiri hupewa kwa ufakiri wake, wala haigeuzwi mishahara ya maafisa. Lakini sadaka na wakfu ni pana. Wazee wa pwani waliweka wakfu minazi na nyumba kwa misikiti na visima. Nani atakayeweka wakfu mnazi mmoja kwa nauli ya mtoto anayekwenda kutoa ushahidi?

MASUALI NA MAJIBU

Suali: Je, kumpeleka mwalimu wa chuo polisi si kuivunjia dini heshima?
Jawabu: Heshima ya dini ilivunjwa na aliyedhulumu. Kumpeleka kwa hakimu ni kuitengeneza. Tena Mtume ameamrisha kumnusuru ndugu akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, na nusura ya dhalimu ni kumzuia.

Suali: Na ikiwa mtoto anasingizia?
Jawabu: Kupeleka khabari si kuhukumu. Kazi ya kutafuta ushahidi ni ya polisi na hakimu, na kwao ndiko anakosafishwa asiye na kosa. Aliyezimiwa khabari yake barazani hubaki na shaka maisha yake yote.

Suali: Mtu asiyejua pa kuanzia afanyeje?
Jawabu: Amwendee afisa wa ustawi wa jamii au dawati la polisi, au apige simu ya watoto, namba 116, isiyo na malipo katika Tanzania.

KHATIMA

Mambo manne yalazimu kwa kila msikiti na kila chuo. La kwanza: mwalimu asikae peke yake na mtoto mahali pa faragha, na mlango wa chuo uwe wazi. La pili: fimbo iondolewe, na mwenye kushindwa kufundisha bila fimbo atafutiwe kazi nyingine. La tatu: wateuliwe watu wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, ambao watoto wanajua ya kuwa wataka kusikia. La nne: uwekwe mfuko mdogo wa nauli na matibabu, na hesabu yake isomwe mbele za watu.

Na juu ya hayo manne, sauti za Waislamu zisikike mbele ya Bunge na Baraza la Wawakilishi, zikitaka sheria zenye nguvu na fedha za kuzitekeleza, kama zinavyosikika katika mambo ya mwezi na sikukuu.

Maswali ya kujipima mwishoni mwa darsa:
1. Nini maana ya dhamana ya mwalimu katika madhhab ya Shafi?
2. Ni lini sitara huwa haramu?
3. Kwa nini walii hawezi kusamehe haki ya mtoto?
4. Umar alibadili nini, na kwa mali gani?
5. Katika mtaa wenu, mtoto akidhulumiwa usiku wa leo, atamwendea nani, na nani atamlipia nauli?

Asiyeweza kulijibu suali la tano asifunge kitabu kwa furaha; na alitafutie jawabu kabla ya Ijumaa ijayo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa Kitendaguro na wa Muleba, wa mrima na wa visiwani, na awape wenye mamlaka khofu ya suali la mchunga. Wallahu a-alam.